Sura ya Nne: Kumulikwa Bila Kuonekana

Mwaka 1713 Baraza la Jiji la New York lilitunga sheria ya usiku. Mtumwa yeyote Mweusi, au wa makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika, aliyepita umri wa miaka 14, alipigwa marufuku kutembea mitaani baada ya jua kuzama bila taa au mshumaa uliowashwa. Akikutwa gizani mikono mitupu, alikamatwa na kuadhibiwa kwa viboko. Mwaka mmoja kabla ya hapo watumwa wa jiji hilo walikuwa wameasi, wakatia moto jengo na kuua Wazungu tisa, na tangu siku hiyo mabwana hawakupata usingizi. Giza liliwasitiri waliopanga maasi. Sheria ikaja kuwavua sitara hiyo, na kazi ya kuwavua wakabebeshwa wao wenyewe, kila mmoja na taa yake mkononi.

Simone Browne, mwanasosholojia anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliifufua sheria hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2015, Dark Matters. Anasema historia ya ufuatiliaji nchini Marekani haianzi na kamera wala kompyuta. Inaanzia kwenye madaftari ya meli za watumwa, kwenye chapa za moto zilizopigwa ngozini, na kwenye hati za ruhusa ambazo mtumwa alidaiwa kila alipovuka mpaka wa shamba. Aliyemulikwa hakuwahi kuulizwa kama anataka kumulikwa, na aliyemmulika hakuwa na haja ya kumjua. Ilitosha kujua yuko wapi. Mambo hayo mawili, mwanga mwingi na ufahamu mchache, yamesafiri pamoja karne tatu hadi kwenye programu za utambuzi wa sura.

Njiani yalipitia kwenye filamu ya picha. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafishia picha za Amerika Kaskazini zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtoto Mweusi aliyepigwa picha ya darasa pamoja na wenzake weupe alitoka kivuli chenye macho na meno, na mzazi alipolalamika aliambiwa tatizo ni mwanga. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia mjini Montreal, aliwahoji waliofanya kazi Kodak na kubaini kwamba shinikizo lililoifanya kampuni hiyo iboreshe rangi za kahawia lilitoka kwa wateja wa aina nyingine kabisa: watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka mbao zao na peremende zao zitofautiane kwenye matangazo. Miaka mingi ya malalamiko ya kina mama haikuwa na uzito wa kabati la mninga.

Na wakati filamu ikishindwa kuzitendea haki nyuso hizo, kuna mahali ilitumika kuzifunga. Polaroid ilikuwa na mtambo uitwao ID-2, uliotoa picha za vitambulisho kwa muda wa dakika moja hivi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa kampuni hiyo, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya mwajiri wao inatumiwa Afrika Kusini kutengeneza vitabu vya pasi, vile ambavyo Mwafrika alipaswa kutembea navyo kila saa katika nchi yake mwenyewe. Wakaanzisha vuguvugu la kuisusia kampuni. Hunter alifukuzwa kazi, lakini vita viliendelea, na mwaka 1977 Polaroid ikajitoa Afrika Kusini.

Mashine za leo zimefundishwa kwa picha, na zimerithi kasoro za waliozikusanya. Joy Buolamwini, aliyezaliwa Kanada kwa wazazi Waghana na kukulia kusini mwa Marekani, alikuwa mwanafunzi wa MIT alipoona kwamba programu aliyokuwa akiitumia haiuoni uso wake hadi avae kinyago cheupe. Kisa hicho kimesimuliwa sana. Kisichosimuliwa vya kutosha ni kazi aliyoifanya baadaye, akishirikiana na Timnit Gebru, mwanasayansi aliyezaliwa Addis Ababa kwa wazazi wa Eritrea.

Walihitaji kipimo cha haki, yaani mkusanyiko wa nyuso ambao haukuelemea upande mmoja. Wakaenda bungeni. Walichagua mabunge sita yenye wanawake wengi, matatu ya Afrika na matatu ya Ulaya: Rwanda, Senegal na Afrika Kusini, halafu Iceland, Finland na Sweden. Picha zilikuwa 1,270. Wabunge waliokaa Kigali wakawa, bila wao kujua, sehemu ya mtihani uliozitikisa kampuni kubwa za teknolojia. Programu za Microsoft, IBM na Face++ ya China zilipewa swali jepesi: huyu ni mwanamume au mwanamke? Kwa wanaume weupe zilikosea mara chache mno, hakuna iliyofikia hata asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kosa lilifika asilimia 34.7, zaidi ya mmoja kati ya kila watatu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018.

Chanzo cha pengo hilo kinaeleweka. Programu ya aina hii haiambiwi uso ni nini. Hulishwa maelfu au mamilioni ya picha, nayo hujitafutia alama za kutofautisha. Mkusanyiko mmoja uliotumiwa na watafiti duniani kote kwa miaka mingi ulijengwa kwa picha za watu maarufu kwenye vyombo vya habari. Zaidi ya robo tatu walikuwa wanaume, na zaidi ya asilimia 80 walikuwa weupe. Programu iliyokulia humo hujifunza kutenganisha pua mbili za Ulaya kwa umakini mkubwa, na nyuso za Afrika ikaziweka karibu karibu.

Huko kuwekwa karibu ndiko kunakopeleka watu rumande. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya kupima programu 189 kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18. Safari hii swali halikuwa jinsia. Liliulizwa swali la polisi na la uhamiaji: je, picha hizi mbili ni za mtu mmoja? Nyingi kati ya programu hizo ziliwachanganya watu wawili tofauti mara 10 hadi 100 zaidi pale walipokuwa Weusi au wenye asili ya Asia kuliko walipokuwa weupe. Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu ana sababu ya kusoma ripoti hiyo taratibu, kwa kuwa miongoni mwa watu waliochanganywa zaidi walitajwa wazi watu wa Afrika Mashariki, pamoja na wa Afrika Magharibi na Asia ya Mashariki. Waliochanganywa kidogo zaidi walitoka Ulaya ya Mashariki. Kulikuwa pia na jambo la kutia moyo: baadhi ya programu zilizotengenezwa China hazikuwa na shida hiyo kwa nyuso za Asia ya Mashariki. Kasoro hii hutengenezwa na watu, kwa hiyo watu wanaweza kuiondoa.

Lakini tuseme imeondolewa yote. Tuseme programu inamtambua kila mtu kwa usawa. Je, mambo yangekuwa yamekwisha? Wengi wanaoandika kuhusu suala hili hufunga hoja kwenye usahihi, na hapo ndipo wanapoiacha nusu yake kubwa. Detroit inaonyesha kwa nini.

Jiji hilo la viwanda vya magari lilifilisika mwaka 2013. Zaidi ya robo tatu ya wakazi wake ni Weusi. Wakati jiji linaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, karibu asilimia 40 ya taa za barabarani hazikuwaka. Mtu alitoka kazini usiku akatembea mtaa mzima gizani, na akipiga simu polisi alisubiri mno. Katika hali hiyo, Januari 2016, polisi walianzisha mradi walioupa jina la Green Light. Vituo vinane vya mafuta vilifunga kamera zinazorusha picha moja kwa moja hadi kwenye chumba cha polisi, na juu ya kila kituo ikawekwa taa ya kijani inayomweka. Gharama ilikuwa ya mwenye biashara. Wafanyabiashara waliochoshwa na ujambazi walikuwa na haki kamili ya kutaka ulinzi, na wengi walijiunga kwa hiari. Vituo vinane vikaongezeka hadi kupita 700: maduka, migahawa, kliniki, makanisa, majengo ya kupanga.

Mwaka 2017, bila mjadala mkubwa, idara ya polisi ilinunua kwa zaidi ya dola milioni 1 programu ya kutambua sura kutoka kampuni ya DataWorks Plus. Ilitumika karibu miaka miwili kabla bodi ya raia inayowasimamia polisi haijapitisha kanuni za kuitumia. Kikao kimoja cha bodi hiyo, Julai 2019, kilivurugika hadi mjumbe aliyekuwa akiipinga teknolojia hiyo akatolewa ukumbini kwa pingu. Kanuni zilipitishwa Septemba mwaka huo. Takwimu za polisi wenyewe za nusu ya kwanza ya mwaka 2020 zilionyesha programu imetumika mara 70, na katika mara 68 aliyetafutwa alikuwa Mweusi.

Wakati huo Robert Williams alikwishakamatwa. Williams, aliyesimulia kisa chake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Julai 2021, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya vipuri vya magari na kuishi na mkewe na binti zao wawili katika kitongoji cha Farmington Hills, nje kidogo ya Detroit. Januari 2020 alirudi nyumbani jioni akakuta gari la polisi likimfuata hadi uani. Alifungwa pingu kwenye nyasi za nyumba yake huku watoto wakitazama. Mkubwa alikuwa na miaka mitano.

Kosa alilodaiwa lilikuwa la Oktoba 2018: mwanamume mmoja aliingia duka la Shinola akaiba saa tano zenye thamani ya dola 3,800. Kamera ya duka ilimnasa akiwa na kofia, kichwa kimeinama, mwanga hafifu. Fremu moja ya mkanda huo ilipelekwa kwa polisi wa jimbo la Michigan, wakaipitisha kwenye kanzidata yenye mamilioni ya picha, zikiwemo za leseni za udereva. Programu ikatoa orodha. Leseni ya zamani ya Williams, iliyokwisha muda wake, ilikuwa ya tisa.

Hapa panahitaji kusimama, kwa sababu watu wengi, maofisa wakiwemo, hudhani kompyuta ilisema "ni huyu". Programu ya kutafuta sura haisemi hivyo. Hugeuza kila uso kuwa safu ya namba, hupima umbali kati ya safu hizo, kisha huzipanga picha zilizomo kuanzia inayofanana zaidi. Mwizi halisi awe kwenye kanzidata au asiwe, orodha itatoka tu, na lazima mtu fulani aongoze. Ni juya: hukokota walio kwenye maji yaliyovuliwa, na asiyekuwemo majini hanaswi hata akiwa ndiye aliyetafutwa. Maji hayo nayo hayakujaa kwa usawa. Kanzidata nyingi za polisi zimejengwa kwa picha za waliowahi kukamatwa, na Wamarekani Weusi, ambao ni takribani asilimia 13 ya watu wote, ni zaidi ya robo ya wanaokamatwa nchini humo. Mtu aliyekamatwa kwa kuonewa miaka kumi iliyopita na kuachiwa siku hiyohiyo anaweza kuendelea kulinganishwa na wezi kila siku, mchana na usiku, bila kujua.

Mpelelezi angeweza bado kuokoa mambo. Angeuliza Williams alikuwa wapi siku ile. Jibu lingepatikana, maana saa hiyo alikuwa akijirekodi video garini akitoka kazini na kuirusha mtandaoni. Badala yake picha ya leseni yake iliwekwa pamoja na nyingine tano akaonyeshwa mlinzi wa kampuni iliyolinda duka. Mlinzi huyo hakuwepo siku ya wizi. Yeye pia alikuwa ameangalia mkanda uleule hafifu. Akamchagua Williams, na uteuzi huo ukaandikwa kama ushahidi wa shahidi. Hakimu akasaini hati ya kukamatwa. Kila aliyelishika faili aliliongezea uthabiti ambao aliyemtangulia hakuwa nao.

Rumande alikaa karibu saa 30. Kwenye mahojiano waliweka picha mezani. Akaichukua, akaishika kando ya uso wake, akawauliza kama wanadhani watu Weusi wote wanafanana. Mmoja wa wapelelezi alikiri kwamba huenda kompyuta imekosea. Hata baada ya hapo hakuachiwa papo hapo. Alitoka usiku, kwa dhamana ya dola 1,000, na mashtaka yakafutwa wiki mbili baadaye.

Aliyekuwa mkuu wa polisi, James Craig, alisema hadharani Juni 2020 kwamba programu hiyo ikitumiwa peke yake isingemtambua mhusika katika asilimia 95 hadi 97 ya kesi. Aliendelea kuitumia. Februari 2023 polisi wa Detroit walimkamata mwanamke Mweusi mwenye mimba ya miezi minane, akiwaandaa watoto kwenda shule, kwa tuhuma za kupora gari kwa nguvu. Mwanamke aliyeonekana kwenye mkanda hakuwa na mimba. Picha iliyolinganishwa ilikuwa ya mwaka 2015, ilhali polisi wangeweza kupata ya leseni iliyokuwa mpya zaidi. Alishikiliwa saa 11 na baadaye akapelekwa hospitali. Kesi ilifutwa baada ya mwezi. Mtu hahitaji programu yoyote kuona tumbo la miezi minane. Anahitaji kumtazama aliye mbele yake.

Mzunguko kama ule wa kanzidata zinazojengwa kwa picha za waliokamatwa umeonekana pia kwenye programu za kubashiri uhalifu. Mwaka 2016 Kristian Lum na William Isaac waliichukua kanuni ya hesabu ya PredPol, iliyokuwa ikiuzwa kwa polisi wa Marekani, wakailisha rekodi za makosa ya dawa za kulevya za jiji la Oakland, California. Tafiti za afya zilionyesha matumizi ya dawa hizo hayatofautiani sana kati ya weupe na Weusi. Programu ilielekeza doria kwenye mitaa ya Weusi takribani mara mbili zaidi. Polisi wangekwenda huko, wangekamata, rekodi zingeongezeka, na kesho yake programu ingekuwa na sababu mpya ya kuwarudisha palepale. Los Angeles iliachana na PredPol mwaka 2020.

Kuna walioyasikia haya wakatafuta dawa kwenye nyuso zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya China, CloudWalk, ilitia saini mkataba na serikali ya Zimbabwe ambao ungeipatia nyuso za Wazimbabwe za kufundishia programu zake. Mwaka uliofuata ilifichuka kwamba wakala aliyeajiriwa na Google aliwatuma watu Atlanta kuwapiga picha Weusi wasio na makazi kwa malipo ya dola tano za kadi ya zawadi. Google ikausimamisha mpango huo. Microsoft na IBM, baada ya utafiti wa Buolamwini na Gebru, zilipunguza makosa yao kwa kiasi kikubwa katika muda mfupi. Hayo ni maendeleo, na walioyapigania wanastahili heshima. Ila programu sahihi zaidi, ikifungwa juu ya mitaa ileile na kulishwa kanzidata ileile, itawafuata watu walewale kwa ufanisi mkubwa zaidi.

Kinachobeba uzito zaidi ni masharti yaliyofikiwa Juni 2024, Detroit ilipokubali kumlipa Williams dola 300,000. Polisi wa jiji hilo hawaruhusiwi tena kumkamata mtu kwa matokeo ya utambuzi wa sura pekee. Hawaruhusiwi kuichomoa picha kwenye orodha ya programu na kuipeleka moja kwa moja kwa shahidi. Kwanza waonyeshe ushahidi mwingine unaomhusisha mtu huyo na kosa. Wafundishwe kwamba teknolojia hii hukosea zaidi kwa Weusi. Na kesi zote zilizoitumia tangu 2017 kupata hati ya kukamata zikaguliwe upya. Makubaliano hayo yanaifunga idara moja, katika nchi yenye idara za polisi zipatazo 18,000.

Afrika Mashariki kamera zimekwishafika. Uganda ilinunua kutoka Huawei mtandao wa kamera wenye thamani ya dola milioni 126, na baada ya maandamano ya Novemba 2020 polisi walisema kamera zilisaidia kuwakamata watu 836. Nairobi na Mombasa zina zao. Huku rangi ya ngozi haitenganishi mtaa na mtaa kama Detroit, lakini nyuso zinazopita chini ya kamera hizo ni za kundi ambalo NIST ilisema programu nyingi hulichanganya kuliko karibu makundi yote. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya inampa raia haki ya kukataa uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, na ya Tanzania ina kifungu kinachofanana nacho. Kesi ya Williams inaonyesha mahali ambapo kinga hiyo haifiki: hakuna hatua hata moja iliyoamuliwa na mashine peke yake. Mchambuzi aliitazama orodha, mpelelezi aliandika ripoti, mlinzi alichagua picha, hakimu alisaini, na kwenye karatasi zote kulikuwa na jina la binadamu. Sheria inayotaka kumlinda mtu wa Kampala, Mombasa au Mwanza itahitaji sharti kama lile la pili la Detroit, linaloulizia ushahidi mwingine kabla picha haijafika machoni pa shahidi, na itahitaji kuandikwa kabla ya zabuni nyingine ya kamera kutangazwa.